Mali bila Daftari Hupotea bila Habari: Mwanao Akitaka Kusomea Kazi ya Makumbusho

Jioni moja ya mwisho wa mwezi, katika mojawapo ya kambi za polisi nchini Uganda, sajini mmoja aliyekaribia kustaafu alikuwa ameketi barazani akisubiri chakula. Binti yake mkubwa, ambaye matokeo yake ya kidato cha sita yalikuwa yametoka majuma machache kabla ya siku hiyo, alikuja akapiga magoti kama ilivyo desturi ya kwao, akasema: "Baba, nimekwisha kuchagua. Nataka kusomea kazi ya makumbusho."

Sajini hakujibu mara moja. Alikuwa ametazamia kusikia udaktari, au sheria, au walau uhasibu. Mwishowe alitamka maneno ambayo wazazi wengi wangeliyatamka: "Mwanangu, nimekusomesha miaka kumi na mitatu ili ukalinde mafuvu?"

Mama alitoka jikoni akiwa bado na mwiko mkononi. "Mzee," alisema kwa upole, "kabla ya kukataa, kwanza tumwulize kazi hiyo ni kazi gani."

Jamaa hiyo imetuomba tusitaje jina lake wala kambi yake, nasi tumekubali. Lakini swali lililoulizwa barazani pale linaulizwa katika nyumba nyingi za askari. Je, mtoto akitaka kusomea jambo ambalo mzazi hajapata kulisikia likiitwa kazi, mzazi afanye nini? Kukubali bila kujua si mapenzi, na kukataa bila kujua si hekima. Kwa ajili hiyo, juma hili tumeonelea tuieleze kazi yenyewe, masomo yake, na riziki iliyomo ndani yake, bila kupamba wala kutisha.

Yafaa pia ifahamike kwamba sajini alikuwa na sababu zake. Alibakiwa na miezi kumi na minne kazini. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimekwisha kugawanywa kichwani mwake: sehemu ya kumalizia nyumba kijijini, sehemu ya kuwasomesha wadogo watatu, na sehemu moja tu ya huyu mkubwa. Fedha ya namna hiyo ni kama risasi ya mwisho. Haipigwi mara mbili.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Binti hakubishana na baba yake. Alimwuliza swali. "Baba, pale katika stoo ya vielelezo, mtu akileta panga lililokutwa mahali pa mauaji, unafanya nini?"

Sajini, aliyeitunza stoo hiyo kwa miaka tisa, alieleza kwa kirefu, maana nyumbani hakuna aliyewahi kumwuliza. Panga hufungiwa kibandiko, likapewa namba. Katika daftari huandikwa tarehe, mahali lilikotoka, jina la aliyelileta, na hali yake. Likienda mahakamani huandikwa nani amelichukua. Likirudi huandikwa tena. "Panga lisilo na namba," alisema, "ni chuma tu. Wakili atasimama aulize, 'Mnajuaje kuwa ndilo lile?' Na kesi imekwisha."

"Basi, Baba," binti akajibu, "hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuisomea. Ila watakaouliza swali hilo ni wajukuu zako."

Jibu hilo lilikuwa la kweli kuliko pengine alivyojua mwenyewe. Watu wengi wanapoingia katika makumbusho huona kabati la kioo, ngoma, mkuki na karatasi yenye maelezo, nao hudhani kwamba kazi ni kupangusa vumbi na kukata tiketi. La hasha. Katika makumbusho mengi, vitu vinavyoonyeshwa ni sehemu ndogo tu ya vitu vilivyomo. Vingi vimo ghalani. Kila kimoja chapaswa kuwa na namba yake, na katika daftari chapaswa kuwa na habari zake: kilitengenezwa na nani, kwa kazi gani, kilipatikana wapi, kwa kununuliwa au kwa zawadi au kwa kunyang'anywa, na kimepata kuazimwa kwa nani. Ngoma iliyopoteza habari hizo hubaki kuwa gogo lenye ngozi.

Kazi ya pili ni kukinga vitu visiharibike. Adui wa vitu vya kale ni wengi nao hawana haraka: mwanga, unyevu, joto, vumbi, mchwa, dumuzi, nondo na panya. Mwanga ukichujusha rangi ya barkcloth, yaani lile vazi la gome la mti, rangi hiyo hairudi tena hata ukilifungia gizani miaka mia. Kwa hiyo mtaalamu hupima mwanga na unyevu wa chumba kama muuguzi apimavyo homa, na kitu chenye wadudu hutengwa na vingine kama mgonjwa wa ndui. Hata mtumishi mwenyewe yampasa ajihadhari, kwa sababu zamani ngozi na ndege waliokaushwa walipakwa sumu kama vile aseniki ili wasiliwe na wadudu, na sumu hiyo ingalimo.

Kazi ya tatu ni kuchungua na kueleza: kuandaa maonyesho, kuandika maelezo yanayosomeka, kuwapokea watoto wa shule, kwenda vijijini kuwasikiliza wazee. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, liitwalo ICOM, lililoanzishwa mwaka 1946, lilipitisha mwaka 2022 katika mkutano wake wa Prague maelezo mapya ya neno makumbusho. Humo limesema kwamba makumbusho ni chombo cha kudumu kisichotafuta faida, kinachohudumia jamii kwa kuchungua, kukusanya, kuhifadhi, kueleza na kuonyesha urithi wake. Neno la kutiliwa mkazo ni kuhudumia.

NYUMBA YA MAYEMBE

Sajini alikuwa na hofu nyingine ambayo hakuitaja mbele ya binti yake, lakini alimwambia mkewe usiku. Watu wa kwao huyaogopa makumbusho. Hofu hiyo ina historia yake. Makumbusho ya Uganda yalifunguliwa mwaka 1908 katika ngome ya zamani ya Lugard, kwenye kilima cha Old Kampala, na miongoni mwa vitu vilivyokusanywa vilikuwamo vitu vingi vya ibada na uganga. Wananchi wakaiita nyumba hiyo nyumba ya mayembe, yaani nyumba ya pembe za uganga. Mzazi wa siku zile asingalimpeleka mtoto wake humo hata kwa matembezi.

Baadaye mkusanyo ulihamishiwa Makerere, ambako ulitunzwa na Bibi Margaret Trowell, mwanzilishi wa shule ya sanaa ya chuo hicho. Mwaka 1954 ukahamia katika jengo la sasa pale Kitante, lililochorwa na mjenzi Mjerumani Ernst May. Mtunzaji wa wakati huo, Klaus Wachsmann, alikuwa mtaalamu wa muziki, naye alitaka ngoma na vinanda vipigwe, visikae kimya ndani ya makabati. Hivyo ndivyo nyumba ya kutisha ilivyogeuka kuwa nyumba ya kujifunzia.

Tena askari wanapaswa kukijua kisa cha Kibuuka. Huyu katika imani ya kale ya Baganda alikuwa mungu wa vita, na hekalu lake lilikuwa Mbaale, katika Mawokota. Mwanzoni mwa karne ya 20 masalio yake yalichukuliwa na mmisionari John Roscoe yakapelekwa Cambridge, Uingereza. Mwaka wa uhuru, 1962, yalirudishwa Kampala. Na mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilileta tena vitu 39 katika Makumbusho ya Uganda, kwanza kwa mkopo wa miaka mitatu. Vitu hivyo vyahitaji watu wa kuvipokea, kuvikagua, na kuwauliza wazee wa jamaa zenye vitu hivyo vilitumikaje na vingependa kukaa wapi. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mlinzi wa mlango. Inahitaji msomi mwenye adabu ya nyumbani.

VIGANGO VIWILI NA PICHA MOJA

Kwa wale wa polisi, tuna kisa kingine kutoka kwa jirani zetu wa pwani ya Kenya. Wamijikenda, hasa Wagiriama, husimamisha nguzo za mbao zilizochongwa, ziitwazo vigango, kwa ajili ya wazee mashuhuri waliofariki. Kigango hakiuzwi wala hakiondolewi mahali pake. Ni kama mtu mwenyewe amesimama. Hata hivyo, wafanyabiashara wa vitu vya sanaa waligundua kwamba ng'ambo vina bei kubwa, na vijana wenye njaa wakaanza kuving'oa usiku.

Mwaka 1985 mtaalamu wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja pamoja na vigango viwili alivyovisimamisha kwa ajili ya ndugu zake marehemu. Baada ya muda mfupi vigango hivyo viliibiwa. Mzee alihuzunika, na jamaa yake iliamini kwamba mikosi iliyowapata ilitokana na wizi huo. Miaka ikapita. Kisha vigango hivyo vikatambuliwa nchini Marekani, kila kimoja katika makumbusho ya chuo kikuu tofauti. Vilitambuliwaje? Kwa picha ile. Bila picha, neno la mzee wa kijijini lingekuwa dhidi ya neno la mnunuzi mwenye risiti. Mwaka 2007 vigango vyote viwili vilikuwa vimerejea Kenya. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver nayo yakarudisha vigango vingine. Lakini mzee yule alikwisha kufariki bila kuviona tena.

Kila mpelelezi ataelewa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali yenye daftari, hata ikivuka bahari, ina njia ya kurudi. Shirika la polisi wa kimataifa, Interpol, lina orodha ya maelfu ya vitu vya sanaa vilivyoibiwa, na tangu mwaka 2021 mtu yeyote aweza kuitazama kwa simu yake kwa kutumia programu iitwayo ID-Art. Lakini kitu hakiingii katika orodha hiyo kama hakuna aliyekipiga picha na kukiandika kabla hakijaibiwa. Mtu huyo ndiye anayefundishwa katika masomo ya makumbusho.

ASKARI NA MALI YA KALE

Wako watakaosema kwamba mambo haya hayahusu jeshi. Mkataba wa Hague wa mwaka 1954 wasema vinginevyo. Mkataba huo, uliotungwa baada ya uharibifu wa Vita Kuu ya Pili, unahusu ulinzi wa mali za utamaduni wakati wa vita, na alama yake ni ngao ya rangi ya samawati na nyeupe. Ibara yake ya saba yazitaka nchi zilizoukubali ziwafunze askari wake kuheshimu mali hizo, tena ziweke ndani ya majeshi yake, tangu wakati wa amani, watu wenye ujuzi wa kazi hiyo.

Yaliyotokea Baghdad mwezi Aprili mwaka 2003 yanaonyesha sababu. Mji ulipotekwa, makumbusho ya taifa yaliporwa, na vitu vipatavyo 15,000 vikatoweka. Afisa mmoja wa Marekani, Kanali Matthew Bogdanos, ambaye katika maisha ya kiraia ni mwanasheria, alipewa kikosi kidogo cha kuvitafuta. Alitangaza kwamba arudishaye kitu hataulizwa swali, akanywa chai na wazee wa mitaa, na maelfu ya vitu vikarudi. Na huko Mali, mwaka 2012, watu wenye silaha walibomoa makaburi ya mawalii wa Timbuktu. Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu mmoja wao, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, kifungo cha miaka tisa. Makaburi yalijengwa upya na waashi wa mji ule ule, kwa ujuzi waliourithi. Basi, kijana wa askari anayesomea kazi hii hajaikimbia kazi ya baba yake. Ameishika kwa mkono mwingine.

MASOMO NA MAHALI PA KUYAPATA

Ziko njia mbili za kuingia. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya wengi, ni kuchukua shahada ya kwanza katika somo pana, mathalani historia, elimu ya mambo ya kale, sanaa, elimu ya viumbe au kemia, na kisha kuongeza diploma au shahada ya pili ya makumbusho. Ya pili ni kuchukua shahada ya kwanza yenyewe katika uhifadhi wa urithi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza kufundisha elimu ya mambo ya kale mwaka 1985, kina masomo ya namna hiyo. Huko Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Western Cape kilishirikiana na makumbusho ya Robben Island, kisiwa alichofungwa Nelson Mandela, katika mafunzo ya makumbusho na urithi yaliyoanza mwaka 1998. Chuo Kikuu cha Pretoria hufundisha ufundi wa kutengeneza na kuhifadhi vitu vyenyewe.

Kwa wenye Kifaransa, wa Burundi, Rwanda na Kongo, iko shule ya urithi wa Kiafrika mjini Porto-Novo, Benin, iliyoanzishwa mwaka 1998. Mombasa nako kilianzishwa mwaka 2000 kituo cha kutoa kozi fupi kwa wafanyakazi wa makumbusho wasemao Kiingereza. Vyote viwili vilitokana na mpango uitwao PREMA, ulioendeshwa tangu mwaka 1990 hadi mwaka 2000 kwa shabaha moja: Waafrika wenyewe wafundishane kuvitunza vitu vyao. Kabla ya hapo kituo cha Jos, Nigeria, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa UNESCO, kilikwisha kuonyesha njia. Ng'ambo, idara ya Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, imefundisha somo hili tangu mwaka 1966, nayo hutoa pia masomo kwa njia ya posta ya siku hizi, yaani kwa kompyuta, mwanafunzi akiwa nyumbani kwake.

Mwanafunzi hufundishwa nini? Kupokea na kuandikisha vitu; kukinga na kutengeneza; kuandaa maonyesho; kufundisha umma; sheria za mali za kale na maadili ya kazi; kutunza hesabu na kuomba fedha; na siku hizi kuingiza picha na madaftari katika kompyuta. Tena kila masomo ya haki yana miezi ya kufanya kazi ndani ya makumbusho. Kozi isiyo na mazoezi hayo ni kama mafunzo ya askari yasiyo na gwaride. Mzazi aitilie shaka.

RIZIKI: UKWELI USIOFICHWA

Sasa tufike pale sajini alipotaka tufike tangu mwanzo. Je, kuna kazi?

Tuseme wazi: nafasi za kazi zenye jina la makumbusho mlangoni ni chache. Makumbusho ya taifa ni idara ndogo ya serikali, na mtu akipata kiti hukaa nacho mpaka astaafu. Mshahara ni wa ngazi za utumishi wa umma. Humlisha mtu lakini haumtajirishi. Kijana anayeiingia kazi hii kwa kutazamia gari katika mwaka wa pili amepotea njia, na afadhali ageuke mapema.

Lakini si kweli kwamba mlango ni mmoja. Hapa Uganda, mbali na Kampala, yamejengwa makumbusho Soroti, Kabale na Moroto. Wako watu binafsi na jamii zilizoanzisha makumbusho yao, mfano mmoja ukiwa Igongo karibu na Mbarara. Ziko falme, makanisa, misikiti, benki, hospitali na shule kongwe zenye nyaraka na vitu visivyo na mtunzaji. Rwanda imefungua makumbusho kadhaa ya mambo mbalimbali, likiwemo lile la mwaka 2017 la kupigana na mauaji ya kimbari, lililo ndani ya jengo la Bunge mjini Kigali. Kinshasa ilipata makumbusho mapya ya taifa mwaka 2019. Tanzania ina Kijiji cha Makumbusho, Azimio la Arusha, Butiama, na Majimaji kule Songea.

Tena kuna kazi nje ya kuta hizo. Mradi mkubwa wa barabara, bwawa au bomba la mafuta hufanyiwa tathmini kabla ya kuanza, na katika tathmini hiyo huulizwa kama njia itapita juu ya makaburi, matambiko au mabaki ya kale. Bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Fikiri ni vijiji vingapi. Na pale Kasubi, makaburi ya Makabaka yaliyoungua mwezi Machi mwaka 2010, ujenzi mpya ulidai ujuzi wa waezekaji wa kale pamoja na michoro na picha za wataalamu. Mahali hapo paliondolewa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini mwaka 2023, baada ya miaka kumi na mitatu.

Kwa hiyo shauri letu kwa wazazi na vijana ni hili. Kwanza, shahada ya kwanza iwe pana, yenye kumwezesha kijana kufundisha au kufanya kazi nyingine kama makumbusho yatachelewa kumwita. Pili, kabla ya kulipa ada, kijana atumie likizo moja akijitolea katika makumbusho yoyote. Mwezi mmoja wa kuandika vibandiko ghalani utamwonyesha kama anaipenda kazi au analipenda jina lake. Tatu, ajifunze jambo la mkono: kupiga picha, useremala, kuchora, au kompyuta, maana makumbusho madogo hupenda mtu wa kazi tatu kwa mshahara mmoja. Nne, asiache lugha za kwao, kwani daftari la mzee wa kijijini ni ulimi wake. Tano, fedha ya masomo ya pili itafutwe katika misaada ya wanafunzi, kama ile ya Jumuiya ya Madola, isitolewe katika kiinua mgongo cha mzee.

MAKUMBUSHO YA NYUMBANI

Akina mama wametuuliza pia namna ya kutunza vitu vya jamaa. Picha za zamani zisitundikwe panapopigwa na jua, wala karibu na moshi wa jiko. Zishikwe kwenye kingo. Nyuma ya kila picha yaandikwe kwa penseli, polepole, majina, mahali na mwaka. Wino hupenya na kuharibu. Vyeti vya zamani visifungwe katika plastiki ya moto, kwa maana havitatoka tena. Nishani zisisuguliwe kila sikukuu kwa dawa ya kung'arishia, kwa sababu kila kusugua huondoa shaba kidogo, na mwishowe maandishi hufutika. Vitu vyote viwekwe katika sanduku kavu, mbali na sakafu, likaguliwe kila mwezi kwa ajili ya mchwa.

Shauri hilo la nishani linaturudisha kwa sajini wetu. Usiku ule ule, baada ya chakula, mkewe alileta mkebe wa chai wa zamani. Ndani yake ilikuwamo nyota ya shaba yenye pembe sita, ya babu yake sajini, aliyepigana Burma pamoja na King's African Rifles. Binti aliigeuza akatazama nyuma. Hapakuwa na jina, kwa sababu nyota za vita vile zilitolewa na Waingereza bila majina.

"Baba, alikuwa batalioni gani?"

Sajini hakujua.

"Alirudi mwaka gani?"

Hakujua. Aliyejua ni baba yake, naye amezikwa miaka sita sasa, na katika maisha yake yote hakuna aliyemwuliza. Sajini, ambaye kwa miaka tisa hakupoteza hata kielelezo kimoja cha watu wengine, aliishika nyota ya babu yake akaitazama kwa muda mrefu. Haikuwa na namba wala daftari.

Siku ya pili hakutoa hotuba. Alimwambia binti yake ajaze fomu za kusomea historia na elimu ya mambo ya kale, kwa sharti kwamba kila likizo atajitolea makumbusho, na kwamba shahada ya pili ataitafutia fedha mwenyewe. Binti alikubali. Kisha sajini alichukua daftari jipya la kurasa 96 lililokuwa limenunuliwa kwa ajili ya mdogo wa mwisho, akachora mistari kwa rula kama afanyavyo kazini, akaandika: Namba 1. Nyota ya shaba. Mwenyewe: Babu. Mahali: Burma. Mbele ya neno Kikosi aliacha nafasi wazi.

Sasa anapopata ruhusa huenda kijijini kuwauliza wazee waliosalia. Nafasi ile bado haijajazwa.